Wastani na mtu wa katikati: Historia ya kulinganisha vipato vya mataifa

Kila mwaka nchi za dunia hupangwa kwa utajiri na umaskini kwa kutumia kipato cha wastani cha kila mtu. Hesabu hiyo ina historia ya zaidi ya miaka 350. Lakini je, inamweleza nani hasa?

Tarehe 1 Julai mwaka 2020 Benki ya Dunia ilitangaza kuwa Tanzania imeingia katika kundi la nchi za kipato cha kati. Kipato cha wastani cha kila Mtanzania, kilichokuwa dola 1,020 mwaka 2018, kilikuwa kimefikia dola 1,080 mwaka 2019, na kizingiti cha kuingilia kundi hilo kilikuwa dola 1,036. Dira ya Maendeleo ya taifa ilikuwa imelipangia lengo hilo mwaka 2025. Rais wa wakati huo, John Magufuli, aliwapongeza wananchi kwa kulifikia miaka mitano kabla ya muda uliowekwa.

Dola 1,080 kwa mwaka ni dola 90 kwa mwezi kwa kila mtu, kuanzia mtoto mchanga hadi kikongwe. Kwa familia ya watu watano hizo ni dola 450 kila mwezi, zaidi ya shilingi milioni moja kwa thamani ya fedha ya wakati ule. Wakulima na wachuuzi wengi hawakuziona fedha hizo. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 ulikuwa umeonyesha kuwa asilimia 26.4 ya wakazi wa Tanzania Bara waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi.

Takwimu hizo mbili hazipingani. Zilipatikana kwa njia mbili tofauti, na kila moja ilijibu swali lake. Ili kuelewa tofauti hiyo, inafaa kurudi nyuma na kutazama ni nani aliyeanza kuzihesabu, na kwa sababu gani.

Hesabu mbili, majibu mawili

Chukua watu watano wanaokunywa kahawa barazani. Kwa siku mmoja hupata shilingi 4,000, wa pili 5,000, wa tatu 6,000, wa nne 8,000 na wa tano 9,000. Ukijumlisha vipato vyao na kugawa kwa watano, unapata wastani wa shilingi 6,400. Ukiwapanga kuanzia mwenye kidogo hadi mwenye kingi na kumtazama aliye katikati, unamkuta yule wa shilingi 6,000. Kipato cha huyu wa katikati ndicho wanatakwimu wanachokiita mediani. Hapa hesabu zote mbili zinakaribiana.

Sasa yule wa tano anaondoka, na kiti chake kinachukuliwa na mfanyabiashara anayepata shilingi 477,000 kwa siku. Wastani wa baraza unaruka hadi shilingi 100,000, ilhali wanne kati ya watano hawapati hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho. Mtu wa katikati ni yule yule, na kipato chake ni kile kile, shilingi 6,000.

Kiswahili kinaongeza utata wake. Neno wastani limetokana na Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya katikati, na katika mazungumzo ya kila siku mtu wa wastani ni mtu wa kawaida, asiye tajiri wala fukara. Msikilizaji anaposikia kuwa nchi yake imekuwa ya kipato cha kati, ni rahisi kudhani kuwa anaelezwa habari za mwananchi huyo wa kawaida. Lakini nchi hupewa daraja hilo kwa kuchukua kipato cha taifa zima na kukigawa kwa idadi ya watu. Aliye katikati ya mstari hahesabiwi wala haulizwi.

Sababu ya hesabu ya kwanza kutawala kwa muda mrefu ni nyepesi. Wastani unahitaji namba mbili tu: jumla ya mali na jumla ya watu. Mtumishi wa serikali anaweza kuupata akiwa ofisini kwake, kwa kutumia vitabu vya kodi, forodha na sensa. Mediani haipatikani hivyo. Anayeitafuta hana budi kujua kila kaya inapata nini, na kwa hiyo hana budi kwenda kubisha hodi.

London, karne ya 17: vita na kodi

Mwaka 1665 Uingereza iliingia vitani na Uholanzi. Daktari na mtaalamu wa mambo ya serikali, William Petty, alitaka kujua wananchi wangeweza kutozwa kiasi gani ili kugharamia vita hivyo. Alikadiria kuwa Uingereza ilikuwa na watu milioni sita waliotumia pauni milioni 40 kwa mwaka, yaani pauni 6 na shilingi 13 na ushei kwa kila kichwa. Kati ya milioni hizo 40, Petty alisema milioni 25 zilitokana na kazi za watu na 15 zilizobaki zilitokana na ardhi na mali nyingine. Hoja yake ilikuwa kwamba si haki kodi yote kuwekwa juu ya ardhi peke yake.

Kwa hiyo wastani wa kwanza wa kipato cha taifa ulizaliwa kwa ajili ya mtoza kodi. Huyo alihitaji kujua ukubwa wa kisima, na hakuwa na haja ya kujua ni nani aliyekunywa na nani aliyelala na kiu.

Miaka 30 baadaye Uingereza ilikuwa katika vita vingine, safari hii dhidi ya Ufaransa. Gregory King, aliyekuwa mtumishi wa ofisi ya nembo za koo za kifalme, alifanya jambo lililokuwa halijafanywa kwa ukamilifu kama huo: alilinganisha vipato vya nchi tatu. Kwa mwaka 1688 alikadiria kuwa kila Mwingereza alikuwa na wastani wa pauni 7 na shilingi 18, kila Mholanzi pauni 8 na shilingi 1 na ushei, na kila Mfaransa pauni 6. Kutokana na hesabu hizo alihitimisha kuwa vita visingeweza kuendelezwa kupita mwaka 1698.

King, hata hivyo, hakuishia kwenye wastani. Alichora jedwali la familia zote za Uingereza, tabaka kwa tabaka, kuanzia mabwana wakubwa hadi maskini wa vibandani, na mbele ya kila tabaka akaandika idadi ya familia na kipato cha kila familia kwa mwaka. Jedwali hilo linamwezesha msomaji wa leo kufanya hesabu ambayo katika zama zake hakuna aliyekuwa akiifanya.

Familia zote katika jedwali ni 1,349,586, na wastani wa kila familia ni kama pauni 32. Sasa zipangwe kuanzia chini. Kwanza wanakuja wakazi wa vibandani na mafukara, familia 400,000, kila moja ikiwa na pauni 6 na nusu kwa mwaka. Wanafuata askari wa kawaida, familia 35,000, kwa pauni 14. Baada yao wanakuja vibarua na watumishi wa mashambani, familia 364,000, kwa pauni 15. Mpaka hapo zimehesabiwa familia 799,000, na nusu ya safari, yaani familia ya 674,793, imekwisha kupitwa. Familia iliyo katikati kabisa ya Uingereza ya mwaka 1688 ilikuwa ya kibarua mwenye pauni 15, chini ya nusu ya ule wastani wa pauni 32. Kule juu, kila mmoja wa mabwana 160 alikuwa na zaidi ya pauni 2,500.

Habari hiyo ilikuwa ndani ya jedwali tangu karne ya 17. Aliyelitumia wakati huo alikuwa akitafuta nguvu za kivita za taifa, na kwa shabaha hiyo wastani ulimtosha.

Bombay: wastani kama shtaka

Karne mbili baadaye hesabu hiyo hiyo iligeuzwa na kushikwa kwa upande wa pili. Dadabhai Naoroji, aliyezaliwa Bombay mwaka 1825, alichoshwa na madai ya watawala wa Kiingereza kuwa India inaneemeka chini yao. Alichukua taarifa za serikali yenyewe kuhusu mavuno, viwanda na bei, mkoa baada ya mkoa, akajumlisha na kugawa kwa idadi ya watu. Katika hotuba yake ya mwaka 1876 kuhusu umaskini wa India alieleza kuwa kipato cha wastani cha Mhindi kilikuwa rupia 20 kwa mwaka, sawa na pauni mbili za wakati ule.

Kisha akaiweka namba hiyo kando ya nyingine. Alitazama ripoti za magereza na kukuta kuwa chakula na mavazi ya mfungwa mmoja viligharimu zaidi ya rupia 20 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba raia huru hakuwa na uwezo wa kuishi hata kwa kiwango ambacho serikali ilimpa mhalifu. Naoroji alikumbusha pia kuwa rupia 20 ni wastani tu. Matajiri na maofisa huchukua zaidi ya fungu hilo, kwa hiyo kinachobaki kwa mkulima ni pungufu yake.

Serikali ililazimika kujibu kwa namba. Mwaka 1882 Evelyn Baring, aliyekuja kujulikana kama Lord Cromer, na David Barbour walikadiria rupia 27. Mwaka 1901 Lord Curzon alitaja rupia 30 na kuona ndani yake dalili za maendeleo. Mwaka huo huo William Digby alitoa kitabu chenye makadirio ya chini zaidi, akidai kuwa hali ilikuwa mbaya kuliko zamani. Rupia, ambayo siku hizo ilitumika pia Mombasa na Zanzibar, ikawa kipimo cha uhalali wa dola nzima.

Mabishano hayo yaliacha funzo. Namba iliyobuniwa kwa ajili ya mtawala iliweza kutumiwa na mtawaliwa kumdai hesabu. Lakini pande zote mbili zilibishana kuhusu wastani, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekwenda kijijini kuuliza familia moja moja.

Kutoka Washington hadi Nyasaland

Mdodoro mkubwa wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliifanya serikali ya Marekani itambue kuwa haijui ukubwa wa hasara iliyoipata. Baraza la Seneti liliagiza uchunguzi, na mwezi Januari mwaka 1934 mchumi Simon Kuznets aliwasilisha ripoti yake kuhusu pato la taifa la miaka ya 1929 hadi 1932. Ripoti hiyo ilionyesha kuwa pato hilo lilikuwa limeporomoka kwa kiasi cha nusu. Kuznets alitoa tahadhari ambayo hutajwa hadi leo: ustawi wa watu hauwezi kusomwa katika jumla ya pato la taifa pasipo kujua limegawanywaje.

Mwaka 1940 Colin Clark alitoa kitabu kilicholinganisha nchi nyingi kwa mara moja. Alibuni kipimo alichokiita yuniti ya kimataifa, yaani kiasi cha bidhaa na huduma ambacho dola moja iliweza kununua nchini Marekani kwa wastani wa miaka ya 1925 hadi 1934. Tangu hapo ikawezekana kuweka nchi nyingi katika orodha moja, ya kwanza hadi ya mwisho.

Afrika iliingizwa katika hesabu hizo na kijana mmoja mwanamke. Phyllis Deane alianza kazi hiyo London mwaka 1941, wakati wa vita, akikadiria mapato ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Katika miaka ya 1946 na 1947 alikwenda mwenyewe na kufika vijijini. Huko alikutana na maswali ambayo vitabu vya London havikuyajibu. Mahindi yanayolimwa na kuliwa nyumbani bila kufika sokoni yawekewe bei gani? Na kazi ya mwanamke ya kuteka maji, kukata kuni, kutwanga na kupika ihesabiwe au iachwe? Deane aliona kuwa kuiacha kazi hiyo nje hakukuwa na mantiki, kwa kuwa ndiyo iliyoendesha maisha ya kijiji. Mfumo wa hesabu za taifa uliotolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 1953, kwa uongozi wa Richard Stone, uliziacha nje huduma ambazo familia hujifanyia yenyewe, kama vile kupika, kusafisha na kulea watoto.

Katika makoloni wastani ulificha jambo jingine pia. Faida ya migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ilikwenda kwa wenye hisa walioishi nje ya nchi, na mshahara wa mzungu haukufanana hata kidogo na wa Mwafrika. Kuyachanganya hayo yote na kuyagawa kwa idadi ya wakazi kulileta namba isiyomhusu yeyote kati yao. Mwaka 1958, Alan Peacock na Douglas Dosser walipochapisha hesabu za pato la Tanganyika kwa miaka ya 1952 hadi 1954, serikali iliyojiandaa kuondoka ilikuwa na kitabu cha kuwakabidhi warithi wake. Nchi zilizopata uhuru zilizirithi hesabu hizo pamoja na bendera.

Bei ya kunyoa nywele

Kulikuwa na tatizo jingine ambalo halikuhusu mgawanyo. Ili kulinganisha kipato cha Nairobi na cha New York, shilingi hugeuzwa kuwa dola kwa kiwango cha ubadilishaji wa fedha. Lakini kiwango hicho hutegemea zaidi bidhaa zinazovuka mipaka, mathalani kahawa, mafuta na mashine. Kinyozi wa Nairobi havuki mpaka. Hunyoa kichwa kwa bei ndogo sana kuliko mwenzake wa New York, na nywele zinazoanguka ni zile zile. Anayetumia kiwango cha benki humwona mtu wa nchi maskini kuwa fukara kuliko alivyo.

Mwaka 1968 Umoja wa Mataifa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania vilianzisha mradi wa kulinganisha bei ulioongozwa na Irving Kravis, akishirikiana na Alan Heston na Robert Summers. Awamu ya kwanza, iliyohusu mwaka 1970 na kuchapishwa mwaka 1975, ilikuwa na nchi kumi: Marekani, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Japani, Hungary, Colombia, India na Kenya. Kenya ilikuwa nchi pekee ya Afrika. Bei za vyakula, nguo, kodi za nyumba na huduma zilikusanywa, na kutokana nazo kikapatikana kipimo cha uwezo wa fedha kununua. Kwa kipimo hicho pengo kati ya nchi tajiri na maskini lilibaki kuwa kubwa mno, ila lilipungua kwa kiasi cha kushangaza.

Kipimo hicho nacho hakikukosa misukosuko. Matokeo ya awamu ya mwaka 2005, yaliyotangazwa Desemba 2007, yaliupunguza uchumi wa China kwa karibu asilimia 40 ya ukubwa uliokuwa ukikadiriwa kabla. Hakuna kiwanda kilichofungwa usiku huo. Vivyo hivyo, mwezi Septemba mwaka 2014 Kenya ilirekebisha mwaka wa msingi wa hesabu zake, uchumi ukaonekana mkubwa zaidi kwa kama asilimia 25, na nchi ikaingia katika kundi la kipato cha kati bila gunia moja la mahindi kuongezeka ghalani.

Pale wastani unapompoteza msafiri

Mifano ya karne hii inaonyesha jinsi wastani unavyoweza kwenda njia yake na wananchi wakabaki njia yao.

Guinea ya Ikweta iligundua mafuta mengi baharini katikati ya miaka ya 1990. Mwishoni mwa muongo wa 2000, Benki ya Dunia ilikuwa imeiweka katika kundi la nchi za kipato cha juu, pamoja na mataifa ya Ulaya. Lakini utafiti wa kaya wa mwaka 2006 ulikuwa umeonyesha kuwa zaidi ya watu saba katika kila kumi waliishi chini ya mstari wa umaskini wa nchi hiyo.

Ireland ilipatwa na kioja cha aina nyingine. Mwezi Julai mwaka 2016 ilitangazwa kuwa pato lake la mwaka 2015 lilikuwa limekua kwa asilimia 26. Kampuni za kimataifa zilikuwa zimehamishia huko umiliki wa hataza na mali nyingine zisizoshikika, na faida zake zikaandikwa katika vitabu vya Ireland. Mfanyakazi wa Dublin hakuongezewa mshahara kwa asilimia 26. Kuanzia mwaka 2017 ofisi ya takwimu ya nchi hiyo ikaanza kutoa kipimo kilichorekebishwa, kinachoondoa sehemu kubwa ya athari hizo.

Katika Ghuba, ambako wako wengi wanaozungumza Kiswahili, mfano ulio wazi ni Qatar. Mwaka 2021 pato la wastani la kila mkazi lilizidi dola 60,000. Mwezi Machi mwaka huo huo nchi hiyo ilianza kutekeleza kima cha chini cha mshahara cha riyal 1,000 kwa mwezi, kama dola 275, bila kuhesabu posho za chakula na malazi. Wengi wa wakazi wa Qatar ni wafanyakazi kutoka nje. Katika mgawanyo wa pato wanahesabiwa kama vichwa sawa na raia, kwa hiyo namba inayopatikana ni ndogo kwa raia mwenye mali na ni ya ndotoni kwa kibarua wa ujenzi.

Hata Marekani haiko mbali na hali hiyo. Kwa mujibu wa idara ya sensa ya nchi hiyo, mwaka 2021 wastani wa kipato cha kaya ulikuwa dola 102,316, ilhali kaya iliyo katikati ilipata dola 70,784. Anayehamia huko akiongozwa na namba ya kwanza atakuta majirani wanaoishi kwa namba ya pili.

Kubisha hodi

Mediani ilichelewa kwa sababu mlango ulichelewa kubishwa. Neno lenyewe lilitumiwa na Mfaransa Cournot mwaka 1843, na katika miaka ya 1880 Francis Galton wa Uingereza aliliingiza katika takwimu za Kiingereza. Lakini kwa nchi maskini lilibaki bila kazi hadi tafiti za kaya zilipoenea. Benki ya Dunia ilianzisha mpango wake wa kupima hali za maisha mwaka 1980, na tafiti zake za kwanza zilifanyika Peru na Côte d'Ivoire mwaka 1985. Wadadisi wakiwa na madodoso yao walianza kuuliza: jana mlikula nini, mmenunua nini wiki hii, karo imelipwa na nani?

Kisha hesabu ya mtu wa katikati ikaanza kupata nafasi katika siasa. Tangu mwaka 2001 Umoja wa Ulaya umehesabu kuwa yumo hatarini kuwa maskini kila aliye na kipato kisichofika asilimia 60 ya mediani ya nchi yake. Mwaka 2009 tume iliyoitishwa na Rais Nicolas Sarkozy wa Ufaransa, ikiongozwa na Joseph Stiglitz pamoja na Amartya Sen na Jean-Paul Fitoussi, ilipendekeza kuwa wastani usitajwe peke yake bila mediani. Mwaka 2014 Nancy Birdsall na Christian Meyer, watafiti mjini Washington, walitaka kipato cha mtu wa katikati kiingizwe miongoni mwa vipimo vya kawaida vya maendeleo kwa nchi zote.

Mstari wa umaskini wa dunia nao ulifuata njia hiyo. Mwaka 2008 Benki ya Dunia iliuweka kwenye dola 1.25 kwa siku, ukiwa ni wastani wa mistari ya nchi 15 maskini kabisa, zikiwemo Tanzania, Uganda na Rwanda. Mwaka 2022 mstari mpya wa dola 2.15 ulichukuliwa kutoka katikati ya mistari ya nchi 28 za kipato cha chini, na mwezi Juni mwaka 2025 ukapandishwa hadi dola 3.

Kasoro za mtu wa katikati

Ingekuwa makosa kuamini kuwa mediani imemaliza kazi. Mtu wa katikati anaweza kubaki pale pale huku walio chini yake wakizidi kuzama, na hesabu isitikisike. Mediani za nchi mbalimbali haziwezi kujumlishwa ili kupata ya kanda nzima. Tafiti za kaya ni ghali na hupita miaka kadhaa kabla ya kurudiwa. Matajiri mara nyingi hawafungui mlango, au wakifungua hawasemi yote. Aidha, nchi nyingi maskini hupima matumizi na nyingi tajiri hupima mapato, kwa hiyo kuzilinganisha kunahitaji uangalifu.

Lakini utafiti wa kaya huona kitu kimoja ambacho hesabu ya pato la taifa hukipita kando. Fedha anazotuma mtu kutoka Muscat, London au Minneapolis kwa mama yake Mombasa, Bujumbura au Bukavu hazihesabiwi kuwa uzalishaji wa nchi ya mama huyo. Mdadisi anayemuuliza amenunua nini mwezi huu hukutana nazo katika unga, dawa na mabati ya nyumba.

Tangu zama za Petty, kila namba ya kipato imejibu swali la aliyeiagiza. Mtoza kodi aliuliza taifa lina kiasi gani, Naoroji akauliza utawala umeacha nini, na wakopeshaji wa leo huuliza nchi inaweza kulipa riba ya kiwango gani. Uamuzi huo una uzito wake, kwani nchi inayopandishwa daraja hupoteza baadhi ya mikopo ya masharti nafuu, na mzigo huo hubebwa pia na kibarua ambaye kipato chake hakikupanda. Ndiyo maana raia anaposomewa kipato cha wastani cha taifa lake ana haki ya kuuliza namba ya pili: aliye katikati, ambaye nusu ya wananchi wako chini yake, amepata nini mwaka huu, na mara ya mwisho mlango wake ulibishwa lini?